"Presume" na "assume" si kitu kimoja

Nimeambiwa tena: "Mwalimu, presume na assume ni mamoja, presume ni Kiingereza cha zamani tu." Safari hii ni kijana anayejiandaa kuongoza watalii hapa Ujiji, mji ambao wageni wengi wanaujua kwa sababu ya neno hilohilo. Nimechoka kulijibu hili barazani, nimeamua kuliandika.

Ni kweli, ukiyaleta kwa Kiswahili yote mawili yanaangukia kwenye "kudhani", na kamusi za mfukoni zinakuachia hapo. Lakini anayesema "presume" ana dalili mkononi. Hajathibitisha, ila ukimuuliza kwa nini, ana la kujibu. Anayesema "assume" amelichukulia jambo kuwa hivyo, pengine bila dalili yoyote, ili shughuli iendelee. Mwalimu wa hesabu anaandika ubaoni "Assume x is positive". Hiyo x hajaiona popote. Akiandika "Presume" hapo, ameharibu.

Sasa mtazame Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, kwa hesabu yake mwenyewe Novemba 1871. Ametoka pwani, amepitia Tabora. Karibu na huku amekutana na msafara uliomwambia kuna mzungu mwenye mvi amefika Ujiji kutoka Manyema. Anaingia mjini, Susi anamsalimia kwa Kiingereza, anajitambulisha kuwa mtumishi wa Dk. Livingstone na kumhakikishia kwamba daktari yupo. Halafu anamwona mzee mwenyewe: uso umechoka, ndevu za mvi, kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliopauka. Dalili gani tena anataka? "Dr. Livingstone, I presume?" Angesema "I assume", ingekuwa kama amekurupuka na kumbandika jina mzungu wa kwanza aliyemkuta.

Kama kweli aliyatamka maneno hayo, lina utata. Kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano ule zilichanwa, na Livingstone hakuyaandika. Nawasihi waongozaji walisema hili wazi, mgeni hapungukiwi na kitu. Mimi kama mwalimu wa lugha naangalia kilichochapishwa, na kitenzi kilichochaguliwa ni sahihi.

Shaka yangu iko kwingine, na vitabu vya shule havigusi. Kanuni hii inavuja mahakamani. "Presumed innocent": mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna anayetafuta kwanza dalili za usafi wake. Wengine hujibu kwamba hapo presume ni msimamo unaoshikiliwa mpaka ushahidi uuangushe. Nakubali kwa shingo upande. Isitoshe, Waingereza wenyewe wakiongea huyachanganya, na kuna sentensi za wanafunzi ambazo siwezi kuzikata alama kwa dhamiri safi. Ila kuna mahali hapana mjadala: rais anayeingia madarakani "assumes office". Hakuna "presume office", wala pasitafutwe.

Mengine niyapitie haraka. Borrow ni kuchukua, lend ni kutoa. "Borrow me your pen" imezaliwa na "niazime", maana kwetu kuazima kunakwenda pande zote mbili. Hear ni ya sauti. Baridi na njaa ni feel, harufu ni smell, ingawa sisi vyote tunavisikia.

Na ninyi mnaowakaribisha wageni chini ya miembe pale kwenye mnara wa kumbukumbu, acheni "Let us sit in the shadow". Watawaelewa, lakini shadow ni lile umbo jeusi linalokufuata ardhini ukitembea juani, lina kichwa chako na mabega yako. Kivuli cha kukaa, cha kukwepa jua, ni shade. Mwembe una vyote viwili. Anayekaribishwa kupumzika saa saba mchana anakaribishwa kwenye shade.