Spika ya elektrostatiki ni nini, na kwanini haitaki kubanwa ukutani

Hapa Tabora ukisema spika kila mtu anajua lile boksi lenye koni, nyuma ya koni kuna koili na sumaku, koili inasukuma koni na koni inasukuma hewa. Spika ya elektrostatiki haina boksi, na paneli yake haina koni wala sumaku. Inasimama tu kama kipande cha mlango, na nyingine ukimulika tochi unaona mpaka upande wa pili.

Ndani kuna karatasi ya plastiki nyembamba sana, maikroni chache tu, hata unywele wako ni mnene kuliko hiyo, imekazwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Karatasi inapewa chaji ya volti elfu kadhaa ambayo inakaa hapo hapo haibadiliki, halafu muziki ukitoka kwenye amplifaya unapita kwenye transfoma inayoupandisha volti ndo unaingia kwenye zile sahani, moja ikivuta nyingine inasukuma, kisha zinabadilishana, na karatasi inafuata. Kwa vile inasukumwa eneo lake lote kwa pamoja na uzito wake ni kama hakuna, sauti inaanza na kukatika papo hapo. Ukiweka magitaa ya Tabora Jazz unasikia kabisa kidole kinavyoachia waya, mimi hilo ndo lilinikamata.

Sio kitu cha juzi. Spika ya elektrostatiki ya Quad ESL, ya Peter Walker mwenye kampuni ya Quad, ilitoka Uingereza mwaka 1957, ikafuata ESL-63 mwaka 1981, na bado zipo zinazopiga mpaka leo.

Sasa neno la kulishika hapa ni dipoli. Karatasi ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele na muda huo huo inavuta ya nyuma, kwahiyo sauti inatoka pande mbili kwa nguvu ile ile ila zinakinzana. Zikikutana ubavuni zinauana, simama usawa wa ubavu wa paneli utashangaa jinsi sauti inavyopungua. Ndo maana ukuta wa pembeni hauisumbui sana, tatizo lake ni ukuta wa nyuma.

Na sebule zetu mnazijua, kila kitu kinasukumwa ukutani ili katikati pabaki peupe kwa mkeka na wageni. Mimi zangu nilizibana hivyo hivyo mwezi mzima, muimbaji akawa kama anaimbia ndani ya ndoo, nikaanza kuwaza kununua amplifaya nyingine. Kumbe sauti ya nyuma ilikuwa inagonga ukuta na kurudi haraka mno. Paneli ikiwa sentimita 30 toka ukutani, ile inayorudi inachelewa chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde, sikio linaichanganya na ya mbele na kila kitu kinakuwa tope. Ukivuta mpaka mita 1 inachelewa kama sehemu sita za elfu za sekunde, hapo sikio linaanza kuiona ni nafasi, chumba kinapata kina. Sakafu ya saruji na kuta tupu zinaongeza mwangwi, kwahiyo tandika zulia, na nyuma ya paneli weka kabati la vitabu au pazia zito.

Anza na mita 1, piga wimbo wenye sauti ya mtu mmoja, sogeza sentimita 10 kila mara na uchore alama ya chaki sakafuni. Kiti nacho kitoe ukutani. Kisha zigeuze kidogo zikuelekee, maana sauti nyembamba zinatoka kwenye paneli bapa kama mwanga wa tochi, ukikaa pembeni zinakupita, ndo sababu kampuni ya MartinLogan wanapinda paneli zao.

Besi ni udhaifu wake wa kuzaliwa, mawimbi marefu ya mbele na nyuma yanazunguka kingo yanakutana yanafutana. Sabufa inasaidia, ila iwe ya besi safi na isiyowashwa kwa fujo, vinginevyo itaachana na paneli na utasikia vitu viwili.

Kuhusu kuboresha, baada ya kuzipanga mimi ningeanza na stendi ya kuinua kama ni zile fupi za zamani, halafu sehemu ya umeme wa volti kubwa, humo kuna daiodi na kapasita ambazo zikichoka sauti ya spika moja inakuwa ndogo kuliko ya nyingine. Hiyo apewe fundi anayejua, volti elfu tano sio za kuchezea, na hata ukichomoa chaji inabaki ndani kwa muda. Amplifaya nayo iwe imara, kwasababu paneli inajibu kama kapasita, sauti ikizidi kuwa nyembamba omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinashuka mpaka 1 au 2 na amplifaya dhaifu inachemka.

Kiangazi chetu ni vumbi, na karatasi yenye chaji inalivuta. Chomoa, acha masaa kadhaa, ndo upitishe mashine ya kufyonza vumbi taratibu. Masika ukisikia tsi tsi tsi ni chaji inavuja kwa unyevu, zima na uache pakauke, ikirudi hata siku kavu ujue karatasi imechoka na kinachotakiwa ni kutandazwa upya.