Mkono umeshonewa kinenani: mbona wiki 3?

Swali: Mume wangu ni kibarua shamba la mkonge huku Tanga. Korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge yatoke nyuzi, ilimchuna nyuma ya kiganja, kano zikabaki wazi. Sasa mkono umeshonewa kinenani, tunaambiwa tungoje wiki 3. Ni foleni ya chumba cha upasuaji?

Jibu: Hapana, dada. Juu ya kano tupu, ngozi nyembamba ya kubandika haishiki vizuri. Ndiyo maana akawekewa flapu: kipande cha ngozi na mafuta yake ambacho hakijaachana na mwili. Leo flapu hiyo inakula damu ya kinena kupitia shina lake, yaani sehemu iliyobaki imeshikana na kinena. Ikikatwa kesho itakuwa nyeusi na kufa. Ikiachwa wiki 3 hivi, vimishipa vya kwenye kiganja vinaota na kuingia ndani yake, na hapo shina halina kazi tena.

Wala si mambo ya juzi. Mwitaliano Gaspare Tagliacozzi alichapisha mwaka 1597 namna ya kuunda pua kwa ngozi ya mkono, mgonjwa akikaa majuma mkono umefungwa usoni!

Swali: Jirani yake wodini alikatwa shina nusu, akarudishwa kitandani. Walikosea?

Jibu: Ni makusudi. Barabara ya Segera ikifungwa, magari yanajipenyeza vichochoroni, na baada ya siku chache vichochoro vimepanuka. Mishipa nayo ni hivyo hivyo: ukipunguza damu ya njia kuu, vijia vyembamba vinatanuka. Wapasuaji hutumia ujanja huu hata kabla ya kuhamisha flapu kubwa au ndefu, kisha wanangoja kama siku 7 hadi 14. Ukiharakisha, ncha ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa iko mbali na shina.

Swali: Mimi nimwangalie nini?

Jibu: Washa tochi ya simu, ulinganishe flapu na ngozi yake iliyo kando ya flapu. Bonyeza kidogo, achia: rangi irudi kwa sekunde 2 hivi. Ikipauka na kupoa, damu haiingii. Ikivimba na kuwa ya zambarau, damu haitoki. Yote mawili ni ya kumwita muuguzi saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku. Sigara asiguse kabisa, kwani nikotini inabana mishipa, na wageni wasivute karibu naye. Na kila siku achezeshe vidole na bega kadiri alivyoelekezwa. Bega la mkono uliofungwa hukakamaa upesi kuliko watu wanavyodhani.