Tangi la kioo la kobe: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kujenga tangi la kioo nyumbani kunawezekana kwa mtu mwenye subira. Unahitaji vipande vitano vya kioo, mirija ya silikoni, siku moja ya kuunganisha na wiki nzima ya kusubiri. Kinachoharibu kazi ni maneno ambayo watu wanapeana kabla kioo hakijakatwa, na mengi ya maneno hayo yametoka kwa wafuga samaki. Kobe ana mapafu, ana kucha, anapanda, anaota jua, na anaishi miaka mingi. Tangi lake lazima lianzie hapo.

Ninayemzungumzia hasa ni kobe wa majini mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans, ambaye asili yake ni bonde la mto Mississippi na ndiye anayeuzwa kuliko kobe wengine wa majini duniani. Anayetaka kumwokota kobe wa mtoni au bwawani hapa kwetu ajue kwamba huyo ni mnyamapori, na sheria za uhifadhi wa wanyamapori, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013, haziruhusu kumfuga bila kibali. Kasa wa baharini asiguswe kabisa.

"Kobe hukua kulingana na ukubwa wa tangi"

Uongo huu umewaumiza kobe wengi kuliko uongo mwingine wowote. Kobe anaponunuliwa akiwa na gamba la sentimita tatu au nne, muuzaji humwambia mteja kwamba beseni la plastiki litamtosha maisha yote. Jike wa aina hii hufika sentimita 25, na wengine huzidi hapo. Dume ni mdogo kidogo. Akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30 au zaidi. Kobe aliyedumaa ndani ya tangi dogo hakujipimia nafasi; amedumaa kwa lishe duni, maji machafu na kukosa mwanga, na mara nyingi gamba lake limepinda.

Wafugaji wana kipimo chao: lita 40 za maji kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Kwa jike mkubwa hiyo ni lita 400. Tangi lenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 60, likijazwa maji kina cha sentimita 45, linachukua lita 405. Tutumie vipimo hivyo katika yanayofuata.

"Lita zikizidi, kioo kiwe kinene zaidi"

Linasikika kama jambo la akili, na hata mafundi vioo wengi wazuri hulisema. Lakini ukuta wa tangi hausikii lita. Unasikia kina.

Maji husukuma kadiri unavyoshuka, na upana wa tangi kwenda nyuma hauongezi chochote kwenye kioo cha mbele. Katika tangi letu, kioo cha mbele kinabeba msukumo wa takribani kilo 150. Ukipunguza upana wa tangi kutoka sentimita 60 hadi 30, lita zinabaki nusu, lakini kioo cha mbele bado kinasukumwa kwa kilo zile zile 150. Sasa acha upana ulivyo, upunguze kina kiwe nusu: msukumo unashuka hadi kilo 38 hivi, yaani robo. Ukiongeza kina mara mbili, unapanda mara nne. Urefu wa kioo nao una uzito wake katika hesabu, kwa sababu kioo kirefu hupinda katikati, lakini kina ndicho kinachotawala.

Jambo hili linanifurahisha kila nikilifikiria, maana linakubaliana na mahitaji ya kobe mwenyewe. Yeye anataka uwanja wa kuogelea, si mnara. Kina kinachozidi urefu wa gamba lake, ili akipinduka aweze kujigeuza, kinamfaa. Tangi pana na fupi ni salama kwa kioo, ni rahisi kwa mfuko, na ni bora kwa mnyama. Tangi jembamba na refu kwenda juu, linalopendeza sebuleni, linakosea kote kuwili.

Kwa tangi letu, kioo cha milimita 10 kinatosha kwa maji ya sentimita 45, mradi ukingo wa juu umefungwa kwa mikanda ya kioo na mmoja unaovuka katikati. Hata hivyo mimi ningenunua cha milimita 12. Kuta zitakuwa na kimo cha sentimita 60 ili kobe asitoke, na siku moja mtu atafungua bomba, ataitwa nje, na tangi litajaa hadi ukingoni. Kioo cha milimita 5 au 6 cha madirisha, kile kinachopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, kisitumike kabisa kwa vipimo hivi. Na kioo kigumu cha milango ya madukani, kile kinachovunjika punje punje, usimpelekee fundi akukatie: kikishapikwa hakikatiki, kitasambaratika chote.

Jumlisha uzito: maji kilo 405, kioo kilo 100 na ushee. Ni kama kupanga mifuko kumi ya saruji mahali pamoja. Meza ya televisheni haiwezi. Jenga kitako cha matofali au chuma kilichochomelewa, kipime kwa pimamaji, kisha utandike karatasi ya povu gumu chini ya tangi, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyobanwa chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa.

"Silikoni zote ni sawa"

Silikoni nyingi za bafuni na jikoni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Tafuta silikoni tupu, isiyo na dawa hiyo. Ile yenye harufu kali ya siki wakati wa kukauka kwa kawaida ndiyo inayoshika kioo vizuri, lakini soma maandishi ya mrija kabla ya kulipa.

Futa kingo za kioo kwa asetoni, na usiziguse tena kwa vidole. Usibane vioo mpaka silikoni yote itoke. Acha unene wa milimita mbili hivi katikati, maana huo ndio unaobeba kazi. Kisha ngoja. Wengi huanika tangi juani wakidhani silikoni hukauka kama rangi. Silikoni ya aina hii hukomaa kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo Tanga itawahi kuliko Dodoma ya kiangazi. Wiki moja ndiyo ninayoiamini. Baada ya hapo lijaze maji likiwa uani, uliache siku kadhaa.

Likivuja, usipake silikoni kwa nje. Maji yataisukuma tu. Tena silikoni mpya haishiki juu ya ile iliyokwisha komaa, hivyo kwangua yote ya kiungo hicho kwa ndani, safisha, uanze upya.

"Ukiliweka tangi dirishani, jua linamtosha"

Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Bila mionzi hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo madini ya kalsiamu hayatumiki mwilini hata akila vizuri. Gamba hulainika, mifupa hudhoofu. Unaweza kumwona kobe ametulia dirishani kila asubuhi, miguu ameinyoosha, ukadhani anapata jua kumbe anapata joto tu. Mbaya zaidi, jua la mchana likipiga tangi moja kwa moja hupandisha joto la maji hadi la kuua.

Kwa hiyo panahitajika taa ya UVB juu ya jukwaa la kuotea jua, bila kioo chochote katikati. Mfuniko uwe wa wavu. Aliye na ua salama anaweza pia kumtoa nje ndani ya beseni lenye kivuli upande mmoja, huku akimwangalia muda wote. Jukwaani pafike nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, majini 24 hadi 28. Dar es Salaam au Mombasa msimu wa joto, maji hufika hapo yenyewe. Nairobi ya Julai, au Njombe, utahitaji kipasha maji chenye kikinga, kwani kobe mzima huweza kukivunja.

Jukwaa lenyewe liwe kavu kabisa na libebe zaidi ya kilo mbili. Yale ya kunata ukutani kwa vikombe vya mpira huporomoka. Bandika rafu ya kioo kwa silikoni, yenye mteremko uliokwaruzwa usimtelezeshe, na hakikisha chini yake hakuna pembe ya kunasa. Kobe akinaswa chini ya maji huzama na kufa, kwa sababu anavuta hewa kama sisi.

"Maji yakiwa maangavu ni safi"

Kobe huchafua maji kuliko samaki wa ukubwa wake. Nunua chujio lililokusudiwa tangi kubwa mara mbili ya lako. Kobe mwenye afya pia hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila dalili yoyote. Ndiyo sababu Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi nne, waliokuwa wakiwaambukiza watoto. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika, na vyombo vyake usivioshee jikoni.

"Akizidi tangi, nitamwachia mtoni"

Kobe huyu yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuotea jua. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997, na mwaka 2016 ukamweka kwenye orodha ya viumbe vamizi wasioruhusiwa kuuzwa wala kuzalishwa. Waliokuwa naye tayari waliruhusiwa kubaki naye hadi afe, kwa sharti kwamba asizaliane na asiweze kutoroka. Sentimita 15 za kioo kikavu juu ya maji, pamoja na mfuniko wa wavu uliofungwa, zinatimiza sharti hilo la kutotoroka.