Bwana afya anaporudi darasani

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nina digrii ya afya ya mazingira, nipo halmashauri mwaka wa tatu sasa. Nikasome masters au nitapoteza muda?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote.

Mimi nilianza na stashahada. Nilikuwa bwana afya wa kata jijini Dar es Salaam: migahawa, mabucha, vyoo, visima. Ukionekana mtaani na ule mkoba, mama lishe anafunika sufuria haraka, na mwenye nyumba ambaye choo chake kimejaa anakumbuka kwamba ana safari. Masika yakianza, kazi kubwa ni kuwafuatilia wanaotapisha vyoo. Mvua ikikolea usiku mtu anatoboa shimo, na kinyesi kinaondoka na mafuriko kwenda kwa jirani. Wengine hawataki kutapisha ila hawana hela ya gari la majitaka, au gari haliingii kwenye vichochoro vyao, basi wanaita vyura, vibarua wa kutapisha vyoo kwa mikono, wazibue kwa ndoo. Nilijua sheria na nilijua kuandika notisi. Nilichokuwa sijui ni kumjibu mzee mmoja wa Vingunguti aliyeniuliza, notisi yangu ikiwa mkononi mwake: "Mwanangu, hicho kisima unachotaka kukifunga kimemuua nani?"

Nilichokuwa nacho ni mita 30 kati ya choo na kisima, tulizokaririshwa chuoni. Vingunguti nyumba zimebanana mno. Ukisimamia mita 30 utafunga visima vyote na nusu ya vyoo. Nikamwambia sheria ni sheria. Akacheka.

Kwangu uzamili ulikuwa miaka miwili ya kutafuta namna ya kumjibu yule mzee.

Sote tunaijua hadithi ya daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854. Aliweka vifo kwenye ramani, akashawishi mpini wa pampu ung'olewe, na kipindupindu kikaisha. Darasani tuliambiwa tuisome upya. Mpini uling'olewa tarehe 8 Septemba, wakati vifo vimekwisha kuanza kupungua na wakazi wengi wameshakimbia mtaa. Snow mwenyewe alikubali kwamba huenda ugonjwa ulikuwa unaondoka tayari. Kazi yake iliyo nzito zaidi ni nyingine, na mabwana afya wengi hatuisikii. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilikuwa zimelaza mabomba kwenye mitaa ileile, nyumba hii inakunywa ya kampuni moja, ya pili yake inakunywa ya nyingine. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamishia mtambo wake wa kuchotea maji sehemu ya juu ya mto Thames, mbali na majitaka ya jiji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota chini. Snow alizunguka kwenye nyumba zilizofiwa akiuliza maji yao ni ya nani, akapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, na 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth. Mtaa mmoja, hewa moja, matajiri na maskini wamechanganyika pande zote mbili.

Nilirudia jedwali lile mara tatu. Swali la mzee halijibiwi kwa kukikodolea macho kisima. Unatafuta nyumba zinazofanana na zake kwa kila kitu isipokuwa kisima, kisha unahesabu.

Na kuhesabu nako kuna aibu zake. Kwenye mafunzo ya vitendo tulipewa mkoba wa kupimia maji: unachuja mililita 100 kwenye karatasi yenye miraba, unailaza juu ya lishe ya bakteria, unaiweka kwenye joto la nyuzi 44, na baada ya saa 16 hadi 18 unahesabu vidoa vya njano, yaani makundi ya bakteria yaliyoota. Maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na kidoa hata kimoja cha E. koli, bakteria wa kinyesi. Nilichuja sampuli zangu kwa mbwembwe zote, na mwishoni nikachuja maji yaliyotakaswa, ya kulinganishia. Asubuhi karatasi zote zilikuwa na vidoa vya njano, hadi ile ya maji yaliyotakaswa. Koleo la kushikia karatasi nililipitisha motoni mara ya kwanza tu, kisha nikawa nalilaza mezani. Msimamizi hakunigombeza. Alimwaga kila kitu, akaniambia nirudi na sampuli mpya. Nikawa nakumbuka notisi nilizowahi kuandika kwa kutazama rangi ya maji tu.

Niliporudi kwa mzee nilipima kisima chake, na pia ndoo ya maji ya kunywa ambayo mjukuu wake huijaza bombani. Kisima kilijaa njano, nilivyotarajia. Ndoo nayo ilikuwa na vidoa. Maji yanayofika bombani yanatakiwa bado yawe na klorini ya kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ila ikishakwisha ndani ya ndoo, kinachobaki ni kikombe na vidole vya kila anayechota. Kisima walikuwa wanafulia tu. Mzee alitazama vile visahani viwili, akaniuliza: "Sasa ndoo nayo utaipa notisi?"

Upande wa kemikali sina hadithi ya kuchekesha. Kipindupindu kinajitangaza chenyewe, madini ya risasi hayajitangazi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu za magari jirani na makazi. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na madaktari walihangaika na magonjwa mengine hadi damu ilipopimwa risasi. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unasema mtu akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likapandishwa hadi Mahakama ya Juu. Kesi ya namna ile haisimami kwa harufu na manung'uniko. Inataka vipimo vya damu na vya udongo, na mtu anayeweza kueleza mbele ya hakimu sumu ilipita wapi kufika kwa mtoto. Kwa maoni yangu toksikolojia, elimu ya sumu, ndiyo sehemu ya masomo haya tunayoihitaji kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huisoma ili wafaulu mtihani tu.

Sasa mambo ya mfukoni. Usiende ukitegemea mshahara kupanda haraka. Mwajiri wangu alichukua muda mrefu kuliko kozi yenyewe kutambua cheti. Takwimu zitakutesa ukizikimbia, anza kuzisoma mwaka mmoja kabla. Kibali cha maadili ya utafiti kinakula miezi, kwa hiyo mada ya tasnifu iwe ndogo: mtaa mmoja na swali moja. Anayetaka kupima "athari za mazingira kwa afya Tanzania" hamalizi.

Na kabla hujajaza fomu, toa notisi zako za mwaka jana zilizo kwenye faili. Pembeni ya kila moja andika ungepima nini, kwa nani, ukilinganisha na nani. Ile itakayokushinda kabisa, anza nayo unapoandika pendekezo la utafiti.