Kupasha maziwa kwa mvuke: hewa kwanza, joto baadaye

Kupasha maziwa kwa mvuke ni kuingiza mvuke wa mashine ya espreso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, ndani ya maziwa baridi ili yapate mambo mawili kwa mpigo: joto, na povu laini lenye vipovu vidogo kiasi kwamba jicho halivitambui kimoja kimoja. Maziwa hayo ndiyo humiminwa juu ya espreso kupata kapuchino, late au flat white. Wengi hukumbuka joto wakasahau povu, na hapo ndipo vikombe vingi vinapoharibikia.

Tuanze na mvuke wenyewe. Ndani ya tangi la mashine, maji hukaa chini ya mgandamizo wa bar 1 hadi 1.5, kwa hiyo mvuke hutoka ukiwa na nyuzi 120 za Selsiasi na zaidi kidogo. Hata hivyo, ukali huo si ndio unaopasha maziwa haraka vile. Mvuke ukigusa maziwa baridi hugeuka maji papo hapo, na katika kugeuka huko huachia joto jingi mno, takriban kilojuli 2,260 kwa kila kilo. Ndiyo sababu jagi dogo hupata moto kwa sekunde 20 hadi 30 tu. Ndiyo sababu pia kuna maji yanayoongezeka ndani ya maziwa. Piga hesabu: gramu 150 za maziwa kutoka nyuzi 4 hadi 60 zinahitaji kilojuli 33 hivi, na ili zipatikane lazima gramu 13 au 14 za mvuke ziishie ndani ya jagi. Ni karibu kijiko kimoja cha chakula cha maji. Hayo hayakwepeki. Yanayokwepeka ni yale yaliyolala ndani ya mrija unaotoa mvuke tangu kikombe kilichopita, na ndiyo maana barista, yaani mtengeneza kahawa, hufungua mvuke kidogo kwenye kitambaa kabla ya kuzamisha mrija kwenye maziwa.

Povu nalo ni hewa iliyoshikwa na protini. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Kinachobaki ni laktosi (sukari ya maziwa), mafuta, protini ya asilimia 3 na ushei, na madini. Hewa inapoingia, protini hukimbilia pale hewa inapokutana na maji, zikajikunjua na kushikana kukizunguka kipovu kama ngozi. Bila ngozi hiyo kipovu hupasuka mara moja. Mafuta yana kazi nyingine: yanapunguza kidogo wingi wa povu lakini yanaleta uzito na ulaini mdomoni. Kwa hiyo maziwa yaliyoondolewa mafuta huumuka kwa urahisi, ila povu lake ni kavu na jepesi. Kwa kinywaji cha espreso nachagua maziwa yenye mafuta yake yote, bila kusita.

Sasa kazi yenyewe, nayo ina hatua mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Jagi la chuma hujazwa maziwa baridi ya jokofuni hadi chini kidogo ya pale mdomo wa jagi unapoanza. Ncha ya mrija huzamishwa kidogo tu chini ya uso wa maziwa, kando ya katikati, kisha mvuke hufunguliwa wote. Jagi likishushwa kwa kiasi cha milimita chache, ncha hukaribia uso na kuvuta hewa, na unasikia sauti fupi fupi: ts, ts, ts. Kila sauti ni hewa inayoingia. Ukisikia maziwa yanabwabwaja na vipovu vikubwa vinaruka, umeshusha mno. Ukisikia yanalia kwa sauti kali ya juu, hakuna hewa inayoingia kabisa. Mrija uko chini mno.

Hatua hii ni ya sekunde chache, na lazima iishe mapema, kabla maziwa hayajafika joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi. Kipimo rahisi ni kiganja: jagi likiacha kuwa baridi mkononi, hewa imetosha. Hapo jagi hupandishwa kidogo ili ncha izame, na maziwa huanza kuzunguka kwa kasi. Mzunguko huo ndio unaovunja vipovu vikubwa kuwa vidogo na kuvisambaza kwenye jagi zima. Hewa ya mapema hupata muda mrefu wa kusagwa. Hewa ya mwishoni haina muda, kwa sababu maziwa yatakuwa yameshapata moto wa kutosha na inabidi mvuke ufungwe. Povu gumu linaloelea juu ya kapuchino huku chini kukiwa na maziwa mepesi, kwa kawaida hutokana na hewa iliyoingizwa kwa kuchelewa, au na maziwa ambayo hayakuzungushwa.

Mvuke ufungwe maziwa yakiwa kati ya nyuzi 55 na 65. Asiye na kipimajoto afunge pale kiganja kinaposhindwa kuvumilia kulishika jagi. Kisha jagi ligongwe mara moja mezani kupasua vipovu vilivyobaki juu, litikiswe kwa kuzungushwa hadi uso wa maziwa ung'ae, na maziwa yamiminwe hapo hapo. Yakiachwa hata dakika moja, povu hupanda juu na maziwa hushuka chini, na kurudisha ulaini ule ni kazi ngumu.

Kuhusu joto, kuna mvutano ninaouona kwenye mikahawa yetu ya Afrika Mashariki, na sababu yake naielewa. Sisi ni watu wa chai ya maziwa, ile inayochemka sufuriani hadi ipande, ikaletwa mezani inafuka moshi. Mteja aliyekulia kwenye chai hiyo akiletewa kapuchino ya nyuzi 60 huona amepewa iliyopoa, na huirudisha ipashwe tena. Lakini maziwa yakivuka nyuzi 70, protini kama beta-laktoglobulini huharibika umbo na kuachia harufu ya salfa, ile harufu ya maziwa yaliyoiva mno. Povu hukwaruza na utamu hufifia. Utamu wa maziwa ya moto, kwa kweli, si sukari mpya. Laktosi ni ile ile iliyokuwemo, ila ulimi huuonja utamu vizuri zaidi kinywaji kikiwa cha vuguvugu kuliko kikiwa baridi sana au kikiunguza. Dawa ya mteja anayetaka moto ni kukipasha kikombe kwa maji ya moto kabla ya kumimina. Maziwa yabaki kwenye nyuzi zile zile.

Tofauti ya vinywaji ni zaidi hewa kuliko maziwa. Kapuchino hupata hewa nyingi, na povu lake hufika unene wa sentimita moja au zaidi. Flat white, ambayo Australia na New Zealand zote mbili zinadai ni yake, hupata kidogo tu. Late iko katikati, ikiwa na maziwa mengi zaidi.

Jambo moja halina mjadala: mvuke huu hauchukui nafasi ya kuchemsha. Maziwa mabichi ya muuzaji wa mtaani huhitaji nyuzi 63 kwa dakika 30 mfululizo, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, ili vijidudu vyake vya hatari vife. Jagi la kapuchino linafika 60 na kunywewa. Ukitumia maziwa mabichi, yachemshe kwanza, yapoze jokofuni hadi yawe baridi kabisa, uondoe utando wa juu, ndipo uyapeleke kwenye mvuke. Maziwa ya pakiti ya muda mrefu hayana tatizo hilo na huumuka vizuri, ingawa yana ladha ya kupikwa tangu kiwandani. Yaliyoongezwa maji hutoa povu hafifu, maana protini imepungua. Na maziwa yaliyokaa siku nyingi huweza kukataa kuumuka hata kabla hayajachacha, kwa sababu mafuta yake yameanza kuvunjika na kutoa asidi zinazopasua ngozi ya vipovu. Yakikataa, badilisha maziwa kwanza kabla hujalaumu mashine.

Mara tu mvuke unapofungwa, mrija upanguswe kwa kitambaa kibichi na mvuke ufunguliwe tena kidogo. Mvuke uliobaki ndani ya mrija ukipoa husinyaa na kuvuta maziwa kupanda juu, na mrija wa chuma wenye moto huyakausha ndani ya nusu dakika. Maziwa yaliyokauka humo huziba matundu ya ncha, hugeuka makazi ya bakteria, na ladha yake huingia kwenye jagi la mteja anayefuata.