Cheni ya Pikipiki: Kuikaza Mno Kunaharibu Zaidi ya Kuilegeza

Dereva wa bodaboda huwahi kwa fundi cheni ikianza kugonga kava, na fundi naye huikaza mpaka itulie kabisa. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Pikipiki ikipakia, shokapu za nyuma hubonyea na mkono unaoshika tairi hupanda. Umbali kati ya sproketi mbili, yaani magurudumu yenye meno yanayobeba cheni mbele na nyuma, huongezeka, na hufikia kilele pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli vinapolala kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu, ikibebeshwa viroba vya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, haibaki na nafasi yoyote. Mvutano unahamia kwenye beringi ya shafti ya giaboksi na beringi za tairi la nyuma. Sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo nyuma ya sproketi ya mbele huanza kuvujisha oili. Wapo wanaobadilisha sili hiyo kila mara bila kugusa chanzo.

Cheni iliyolegea mno nayo ni hatari. Huruka meno, na ikichomoka inaweza kupasua kava la injini au kubana tairi la nyuma mkiwa kwenye mteremko wa Bugando.

Kipimo sahihi cha ulegevu kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko cha mkono wa nyuma. Kwa pikipiki nyingi za abiria za cc 100 hadi 150 ni milimita 20 hadi 30. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini imezimwa, gia huru. Weka rula katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, usukume cheni juu na chini: umbali wote inaotembea ndio ulegevu. Zungusha tairi kwa mkono, pima sehemu nne au tano. Cheni haichakai sawasawa, kwa hiyo rekebisha kwa kufuata sehemu iliyokaza kuliko zote. Ukifuata iliyolegea, ile nyingine itakaza kupita kiasi kila tairi linapozunguka.

Legeza nati ya ekseli. Baadhi ya pikipiki zina nati ya pili upande wa sproketi, nayo ilegezwe. Zungusha rejesta (nati za kurekebishia cheni) za pande zote mbili kwa robo mzunguko, sawa kwa sawa, ukilinganisha alama za kushoto na kulia. Tairi likikaa upande, meno ya sproketi yatalika ubavu mmoja. Kaza ekseli, kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo.

Jambo linalosahaulika sana: tairi likirudi nyuma, fimbo ya breki ya dramu hukaza. Rekebisha nati ya breki, uhakikishe tairi linazunguka bila kukwaruza na taa ya breki inawaka kwa wakati wake.

Kagua kila kilomita 500, na mapema zaidi wakati wa mvua au ukipita mara nyingi kwenye mchanga wa ufukweni. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha tia oili ya gia SAE 90 upande wa ndani wa cheni ukizungusha tairi kwa mkono. Usifanye hivyo injini ikiwa inazungusha tairi, vidole hukatika. Futa oili iliyozidi. Grisi nzito ya nje na oili chafu ya injini hushika mchanga, na mchanga ndio unaosaga pini na bushi (mirija midogo inayovaa pini) za cheni.

“Kurefuka” kwa cheni ni kulika kwa pini na bushi hizo. Kwa cheni ya namba 428, nyoosha pingili 20 upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya 21: ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, usiendelee kuikaza wala kukata pingili. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu meno yaliyochongoka huila cheni mpya haraka. Klipsi ya kiungo kinachounganisha ncha za cheni ivalishwe upande wake uliofungwa ukitangulia kule cheni inakoelekea.