Mir Anis, Mshairi wa Mimbari

Kila mwezi wa Mfunguo Nne unapoandama, sisi wa idara ya fasihi huulizwa swali moja kwa sura nyingi. Zile beti za Kiurdu zinazosomwa kwenye majlisi (vikao vya maombolezo) za Muharram, Bibi Zainab akizungumza na nduguye Imam Hussein, watoto wakimlilia maji ami yao Abbas, zimetoka katika kitabu gani cha historia? Wengi hushtuka wakisikia kwamba maneno mengi ya namna hiyo hayamo katika kitabu chochote cha historia. Ni utunzi wa washairi, na aliyewapita wote kwa ufundi huo ni Mir Babar Ali Anis wa Lucknow, aliyefariki tarehe 10 Desemba 1874.

Tukio lenyewe halina utata. Tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, sawa na Oktoba 680, Imam Hussein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala pamoja na jamaa na masahaba wake wachache, ambao mapokeo yanawataja kuwa 72. Walikuwa wamezuiwa maji ya Mto Furati tangu tarehe 7. Wanahistoria wa Kiarabu wameandika nani alitoka kupigana na nani alimuua. Yaliyosemwa ndani ya mahema usiku wa kuamkia siku hiyo, na jinsi mama alivyomfunga mwanawe mkanda wa upanga, kwa sehemu kubwa yaliachiwa washairi.

Anis alizaliwa Faizabad mwanzoni mwa karne ya 19, katika dola ya Awadh kaskazini mwa India. Watawala wa Awadh, manawabu, walikuwa Mashia, na walipohamishia makao yao Lucknow mwaka 1775 waliijaza imambara, yaani kumbi za maombolezo ya Hussein. Ile kubwa kuliko zote, Bara Imambara, ilianza kujengwa mwaka 1784 na ipo hadi leo. Maombolezo huko hayakuishia siku ya Ashura, yaani 10 Muharram. Yaliendelea mpaka Arubaini, siku ya 40 baada yake, na zaidi, na Wasuni na Wahindu nao walihudhuria. Mji wa namna hiyo ulihitaji marthiya (mashairi ya maombolezo) mpya kila msimu, na wasikilizaji wake walijua kupima. Mshororo uliopinda ulinong'onezwa mji mzima kabla ya magharibi.

Utunzi ulikuwa kazi ya ukoo wao. Baba yake, Mir Khaliq, alikuwa miongoni mwa watunzi wakuu wa marthiya wa kizazi chake. Babu yake, Mir Hasan, ni yule aliyetunga mojawapo ya hadithi za mapenzi zinazopendwa zaidi katika ushairi wa Kiurdu. Baba wa Mir Hasan naye alikuwa mshairi aliyehama kutoka Delhi. Anis mwenyewe alijivunia katika beti zake kwamba yeye ni kizazi cha tano katika kumsifu Hussein. Ujanani alitunga ghazali, mashairi mafupi ya mapenzi, na inasimuliwa kwamba baba yake ndiye aliyemwambia aziage ghazali, akili yake aielekeze kwenye mambo ya dini. Inasimuliwa pia kwamba alifundishwa kupanda farasi na kutumia silaha, jambo ambalo msomaji wa maelezo yake ya vita hapati tabu kuliamini. Aliishi Faizabad miaka mingi, akahamia Lucknow akiwa tayari mtu mzima.

Umbo alilolitumia ni tasdisa: ubeti wa mishororo sita, minne ya mwanzo ikiwa na kina kimoja na miwili ya mwisho ikiwa na kina chake. Hakulibuni yeye. Kizazi cha baba yake kilikuwa kimekwisha kulipanga: utangulizi, wasifu wa shujaa, kuagana na watu wa nyumbani, kuingia uwanjani, majigambo, vita, kifo, na mwisho kilio. Marthiya moja kwa kawaida humshika shahidi mmoja. Inayonoga ni mishororo miwili ya mwisho. Ile minne humpandisha msikilizaji ngazi kwa ngazi, kisha kina hubadilika na pigo hushuka. Anayesoma kimya kwenye karatasi hupoteza nusu ya kazi hiyo.

Tuichukue marthiya yake mashuhuri, ile inayoanza na jua lililomaliza safari ya usiku. Ina beti karibu 200. Alfajiri ya Ashura inapambazuka, na Anis anatumia beti nyingi kuisifu asubuhi hiyo: ndege wanamsabihi Mola, majani yamekunywa umande yakazidi ukijani, jangwa limejaa lulu. Msomaji mwenye haraka atauliza, umande na mawaridi vimefika lini jangwa la Karbala? Lakini sikiliza anapoupeleka umande huo. Kwa kuwa pambo la bustani ya Zahra lilitamani maji, anasema, umande ulikuwa umejaza bakuli za mawaridi. Zahra ni Bibi Fatima, mama yake Hussein, na pambo la bustani yake ni hao wenye kiu mahemani. Majani yamekunywa, ndege wamekunywa, kila kiumbe kina maji asubuhi hiyo isipokuwa wajukuu wa Mtume. Mandhari yote yale yalikuwa yanapigia hesabu kiu.

Baadaye katika marthiya hiyo hiyo, bendera ya jeshi dogo inatafutiwa mshikaji. Watoto wawili wa Bibi Zainab, Aun na Muhammad, wanaitamani. Babu yao mmoja ni Ali, mwingine ni Jafar, wote wawili mashujaa wa bendera katika vita vya Uislamu wa mwanzo. Mama yao anawakemea: mbele ya wakubwa hamtaji neno hili, ninyi ni wadogo, na mjomba wenu Abbas yupo. Kisha anawapa shauri ambalo wasemaji wengi wa Kiurdu wanalijua kwa moyo. Kwa nini mseme ninyi wenyewe kwamba mnatoka kwa Ali? Piganeni hivi kwamba majeshi yenyewe yapaze sauti, hawa ni wajukuu wa Ali. Watu wanalia hapo, na hakuna aliyekufa bado. Wanalia kwa sababu wamemsikia mama anayewafunza wanawe adabu asubuhi ambayo anajua hawatarudi.

Wapo wanaolaumu hapo hapo. Zainab wa Anis, wanasema, ni bibi wa kiungwana wa Lucknow: lugha yake, staha yake na namna anavyowaita jamaa zake ni za nyumba za Awadh, si za Hijazi ya karne ya 7. Ni kweli tupu. Katika marthiya za zama hizo utakuta hata desturi za harusi za Kihindi. Kwa maoni yangu lawama hiyo inampima Anis kwa mizani ya mtu mwingine. Alikuwa anawatungia watu waliokaa sakafuni mbele yake usiku huo, na msiba wa mbali haumlizi mtu mpaka uzungumze kama watu wa nyumbani. Anayetaka mpangilio wa matukio asome wanahistoria. Akimtumia Anis kuthibitisha nani alisema nini Karbala, atakuwa amemkosea Anis na historia kwa pamoja.

Pwani yetu ilikitendea kisa hicho kazi yake yenyewe. Hemed Abdallah el-Buhry wa Tanga alitunga utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali kwa umbo letu la mishororo minne mifupi. Ukiuweka karibu na marthiya za Anis utaona tofauti ya nia. Utenzi unatembea na habari nzima, tukio baada ya tukio. Anis anasimama mahali pamoja, mlangoni mwa hema, na hang'oki mpaka kila mtu ameaga. Marthiya za Kiurdu zenyewe zilifika kwa njia nyingine, pamoja na Waithnaasheri wa Kikhoja, Mashia wa Maimamu kumi na wawili, waliohamia Zanzibar na miji ya pwani kutoka magharibi ya India. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kikachi au Kigujarati, lakini Kiurdu kilikuwa na nafasi yake mimbarini.

Tukirudi Lucknow, Anis hakuwa peke yake. Mirza Dabeer, aliyekuwa rika lake, alikuwa na wafuasi wake, na mji uligawanyika kati ya watu wa Anis na watu wa Dabeer kama unavyogawanyika mji wenye timu mbili za mpira. Mwalimu wa Dabeer na baba yake Anis nao walikuwa wameshindana kabla yao. Mwaka 1907 mhakiki Shibli Nomani alitoa kitabu kizima cha kuwalinganisha wawili hao, akampa Anis ushindi kwa ufasaha na usafi wa lugha. Hukumu hiyo imekaa mpaka leo, ingawa nadhani imemuumiza Dabeer kupita kiasi: watu wengi humdharau bila kumsoma. Dabeer mwenyewe hakuwa na udogo huo. Anis alipofariki, alitunga beti za kumwomboleza akisema mbingu imekosa mwezi mpevu, Sidra, mkunazi wa mbinguni, imemkosa Jibrili, Mlima Sinai umemkosa Musa, na mimbari imemkosa Anis. Hakupita mwaka naye akafariki.

Kabla ya hapo dunia yao ilikuwa imeshavunjika. Waingereza walimwondoa nawabu wa mwisho, Wajid Ali Shah, mwaka 1856; mwaka uliofuata kukazuka uasi mkubwa, na Lucknow ikabomolewa kwa mizinga. Wafadhili walitawanyika. Anis, ambaye hakuwa na haja ya kutoka nje ya Awadh, alilazimika kusafiri kusoma marthiya zake Patna na, mwaka 1871, Hyderabad ya Dekani, akiwa mzee. Safari hizo zilimwongezea wasikilizaji ambao Lucknow isingempa.

Wanaomkumbuka husimulia zaidi usomaji wake kuliko maandishi. Hakuimba. Alisoma kwa sauti ya maneno tu, namna inayoitwa tahtul-lafz, akitumia jicho, kiganja na kunyamaza. Upande wa pili ni soz, ambayo huimbwa polepole na kikundi kidogo kwa mahadhi, bila ala. Ukihudhuria majlisi na ukasikia mtu mmoja akisoma beti ndefu bila kuimba, huku wasikilizaji wakiitikia kwa sauti kila kina kinapobadilika, huo ndio mtindo wa Anis.

Ndugu zake, Uns na Munis, walikuwa washairi, na mwanawe Nafis aliendelea na kazi. Umbo lenyewe la tasdisa lilitoka nje ya msiba. Mshairi Hali alilitumia mwaka 1879 kuwaamsha Waislamu wa India waitazame hali yao, mshairi Iqbal akalitumia kupeleka malalamiko yao mbele ya Mungu, na katika miaka ya 1940 Josh Malihabadi akalirudisha Karbala, safari hii Hussein akiwa mpinzani wa dhuluma katika nchi iliyokuwa inapigania uhuru kutoka kwa Waingereza.